Uzi wa printi za sanaa zenye idadi maalumu: kuzikagua, kuzinunua na kujua bei yake halali

#1 KaratasiPamba (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Nimeona niyaweke haya mahali pamoja, maana maswali yamekuwa mengi na majibu mengi yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hayako sawa. Kazi yangu ni fremu na utunzaji wa kazi za karatasi hapa Dar, na pembeni nakusanya printi. Nazungumzia zile printi ambazo msanii ametangaza idadi, 20 au 50 au 150, akazitoa, akazisaini na kufunga. Mabango ya kupamba sebule hayahusiki hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Printi ya aina hii haitokani na mchoro mwingine uliopo mahali. Msanii anachonga ubao au lino (linoliamu, tandiko laini la kuchonga). Au anachora kwenye bamba la shaba na kulizamisha kwenye tindikali ili mistari iliwe, anachora kwa mafuta juu ya jiwe la litografia, anaandaa skrini, kila rangi na skrini yake. Fundi wa fulana pale Kariakoo anayevuta rangi kwa mpira juu ya skrini anaijua kazi hii vizuri kuliko wauzaji wengi wa sanaa. Kinachotoka kwenye mashine ndiyo kazi yenyewe, na zikitoka karatasi 50, zote 50 ni halisi.

Ukikuta 12/50, hiyo ni karatasi ya 12 kati ya 50. Haina maana kwamba ilitoka mashineni ikiwa ya 12. Karatasi hutundikwa zikauke, hupangwa upya, na msanii huhesabu siku anayosaini. Kwa hiyo kuongeza hela eti kwa sababu ni 1/50 hakuna maana, isipokuwa kwenye mbinu ambazo bamba huchakaa haraka, hasa ile ya kukwaruza shaba kwa sindano bila tindikali. Pale kingo za mkwaruzo hubonyezwa na mashine kila inapopita, na karatasi za mwanzo huwa na weusi mzito wa mahameli ambao za mwisho hazina.

Kisha kuna zile zilizo nje ya hesabu. A/P ni za msanii mwenyewe, kawaida kama asilimia 10 ya toleo, yaani ya ile idadi iliyotangazwa. P/P ni za fundi mchapaji. H/C si za kuuzwa, ingawa huishia sokoni. B.A.T. ni moja tu, ile ambayo msanii aliikubali na kumwambia mchapaji azifananishe zote na hiyo. Zihesabu zote kabla hujaamini neno "adimu". Toleo la 50 lenye A/P 5, P/P 2, H/C 2 na B.A.T. 1 ni karatasi 60 duniani. Muuzaji mkweli atakwambia 60.

Namba ya penseli yeyote anaweza kuiandika. Thamani inatoka kwa yule anayeweza kuthibitisha kwamba hakuna ya 51: msanii, karakana iliyochapa, mchapishaji aliyetoa toleo, katalogi iliyoorodhesha. Mwaka 1974 maofisa wa Ufaransa walikamata gari lililokuwa likielekea Andorra likiwa na karatasi tupu zipatazo 40,000, zote zikiwa tayari na saini ya mchoraji wa Hispania, Salvador Dalí. Saini zilikuwa zake, kazi bado hazijakuwepo. Soko la printi za Dalí za miaka ile halijapona mpaka leo, na nyumba nyingi za mnada huzigusa kwa tahadhari kubwa.

Wala msikariri kwamba saini lazima iwe chini kulia. Chukueni Marilyn za mwaka 1967, yaani sura ya Marilyn Monroe ilivyochapwa na msanii wa Marekani Andy Warhol, picha 10 za skrini, kila moja sentimita 91.4 kwa 91.4, nakala 250 pamoja na 26 za msanii zilizopewa herufi A hadi Z. Saini kwa kawaida iko nyuma, na namba imegongwa kwa muhuri wa mpira. Baadaye zikaja zile za wachapaji wengine, Sunday B. Morning, zinafanana mno, nyingine zikiwa na muhuri nyuma unaomwalika mnunuzi aweke saini yake mwenyewe. Mtu anayetazama mbele tu hawezi kuzitofautisha. Anayegeuza karatasi na kuilinganisha na katalogi ya printi za Warhol ya Feldman na Schellmann, ambako Marilyn hizi ni namba II.22 hadi II.31, anapata jibu.

Nitaendelea na ukaguzi kwa kioo cha kukuzia. Karibuni kwa maswali.

#2 Mzizima Juu

Mkuu asante kwa somo. Ila swali langu la msingi: kwa nini mtu asinunue kiwanja Kigamboni badala ya karatasi? Hii kitu inapanda kweli?

#3 KaratasiPamba

Mkuu Mzizima Juu, kama hela ni ya kuzungusha, nunua kiwanja. Nasema hivyo bila kusita. Printi nunua kwa sababu unataka kuishi na kazi ile ukutani, kisha jitahidi usilipe zaidi ya inavyostahili.

Tazama hesabu ya mnada. Mwaka 2023 nyumba ya mnada ya Christie's walipanga kumtoza mnunuzi 26% juu ya bei ya nyundo, kwa sehemu isiyozidi dola milioni 1. Nyundo ikigonga dola 1,000, mnunuzi analipa 1,260. Mwenye mali naye anakatwa kamisheni yake. Tuseme 15%, anaondoka na 850. Yaani ukinunua leo mnadani kwa 1,260 na kesho bei ikawa ile ile, unapata 850. Ili urudishe hela yako tu, bei ya nyundo inabidi ipande karibu 48%. Na hapo sijaweka usafiri, bima, fremu na ushuru.

Kupanda kupo. Printi za Banksy, yule msanii wa mitaani wa Uingereza, zilipanda vibaya sana 2020 na 2021, watu wakanunua kwa mkopo wakiamini hakuna mwisho. Zikashuka, na waliolipa bei ya kilele wengi bado wamekaa nazo.

Kwa mwenye kipato cha kawaida hapa kwetu ninachokiona kina maana ni kununua mapema, moja kwa moja kwa msanii au karakana, kwa bei ambayo hata isipopanda hulali njaa.

#4 Njiru Mashinani

Sasa hapo kwa Banksy umenigusa. Kuna jamaa mtandaoni anauza Girl with Balloon, imeandikwa 47/150 na iko na saini. Anataka dola 400 na anasema ni ya babake aliyekuwa London. Niko Nairobi, ataituma kwa kuria. Niruke nayo ama niachane?

#5 KaratasiPamba

Ndugu yangu Njiru, achana nayo, na usitume hata deposit.

Girl with Balloon ya skrini ilitoka 2004 kupitia wachapishaji Pictures on Walls. Zenye saini ni 150, zisizo na saini ni 600. Hata ile isiyo na saini haiuzwi dola 400. Mtu mwenye karatasi halali ya aina hii hahangaiki na mnunuzi wa mtandaoni. Anapiga simu nyumba ya mnada na wanaifuata wenyewe.

Sasa jifunze utaratibu wake, maana ni mzuri. Tangu 2008 Banksy ana ofisi yake ya uthibitisho, Pest Control, na ni hiyo peke yake inayotoa cheti kinachokubalika. Juu ya cheti kunakuwa na nusu ya noti bandia ya pauni 10, ile aliyoitengeneza mwenyewe yenye sura ya Binti Mfalme Diana. Noti inachanwa kwa mkono na namba imeandikwa ikikatiza sehemu iliyochanwa. Nusu moja inakwenda na printi, nusu nyingine inabaki kwao. Ukitaka kuhakikisha, kingo za nusu zile mbili lazima zikutane nyuzi kwa nyuzi, na wino uendelee. Kughushi cheti kizima ni rahisi. Kughushi mchaniko wa karatasi ambao nusu yake huijui ni shida nyingine kabisa.

Muulize huyo jamaa cheti cha Pest Control. Atakupa hadithi ya baba. Hadithi ya familia bila risiti, barua, picha ya zamani ukutani au jina la duka haisaidii kitu.

#6 Njiru Mashinani

Nimemuuliza. Ameniblock. Asante sana, umeniokolea pesa.

#7 Mama Tausi

Hodi humu. Umesema utaeleza ukaguzi kwa kioo cha kukuzia. Ninacho cha mara 10 ambacho mume wangu alikuwa akikagulia vito. Kinafaa?

#8 KaratasiPamba

Karibu sana mama, na kinafaa kabisa. Mara 10 ndiyo hasa inayotumika.

Weka karatasi mezani karibu na dirisha, mikono mikavu na safi, na usivute kwa kona. Shika kioo karibu na jicho, kisha sogeza uso mpaka picha itulie. Tafuta sehemu ambayo rangi moja inafifia kuingia nyingine, shavu la mtu au anga. Ukiona vidoti vya bluu, waridi, njano na vyeusi vimejipanga kwa viduara vidogo vinavyojirudia kila mahali, hiyo ni ofseti ya kiwandani, mashine ile ile ya kalenda na magazeti. Saini ya penseli juu yake inaweza kuwa ya kweli, lakini unanunua bango lenye saini, na bei yake iwe ya bango.

Ukiona vumbi la vidoti vidogo visivyo na mpangilio, hiyo ni printa ya wino ya kompyuta. Huko nje wameipa jina la Kifaransa, giclée, lilianza kutumika 1991. Nitarudi kwake.

Skrini rangi yake imelala nzima. Inamisha karatasi dhidi ya mwanga, utaona tabaka la rangi limenyanyuka juu ya karatasi na ukingo wake umekatika wazi. Pale rangi mbili zilipopandana kuna ngazi ndogo unayoweza kuiona kwa jicho. Vidoti vinaweza kuwepo, kama kwenye weusi wa Marilyn uliotoka kwenye picha ya kamera, ila ni vikubwa, vya rangi moja, na huvioni vikijipanga kwa viduara.

Printi ya bamba la shaba itafute pembeni ya picha. Mashine inabana karatasi yenye unyevu kwa nguvu mpaka bamba linaacha bonde la mstatili kuizunguka picha yote, na wino wa mistari umenyanyuka kidogo. Funga macho uguse upande wa nyuma, utausikia mstatili ule kwa kidole. Ya ubao ina wino uliosukumwa ukingoni mwa kila umbo, na mara nyingi nyuzi za mti zinaonekana ndani ya rangi.

Halafu geuza. Nyuma ndiko kuna habari: muhuri wa karakana, namba ya mnada wa zamani, lebo ya duka la fremu. Inua karatasi dhidi ya taa utafute alama ya maji ya kiwanda cha karatasi. Kona ya chini pia ina mara nyingi chapa kavu isiyo na wino, imebonyezwa tu, ambayo ni nembo ya karakana iliyochapa. Watu wengi wanaikata wakati wa kuweka fremu bila kujua kwamba wamekata nusu ya ushahidi.

#9 Chipukizi wa Mikocheni

Mkuu KaratasiPamba, mimi ni msanii mchanga, nachora kwa dijitali, kwa hiyo sina ubao wala bamba. Nataka kutoa toleo la 50 kwa printa ya wino. Kuna kaka mmoja kaniambia hizo si printi, ni fotokopi. Nifanyeje?

#10 Bwana Tindikali

Huyo kaka kasema kweli. Printa inabonyezwa kitufe. Anaweza kutoa 50 leo na 5,000 kesho. Bila bamba linaloharibiwa baada ya kazi hakuna toleo, kuna ahadi hewa. Nimefundishwa hivyo na nasimamia hapo.

#11 KaratasiPamba

Bwana Tindikali, hofu yako ina msingi, ila nadhani umeiweka mahali pasipo. Bamba nalo linaweza kuchapwa tena. Mabamba ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, yaliendelea kuchapwa kwa vizazi baada ya kifo chake 1669, na karatasi hizo zinauzwa mpaka leo kwa watu wanaodhani alizigusa. Kinachofunga toleo ni kulichora bamba msalaba na kuliacha hivyo, au kumbukumbu isiyobadilishwa, au mbinu yenyewe.

Mbinu inayofunga yenyewe ninayoipenda kuliko zote ni ya Fred Mutebi wa Uganda, aliyesoma Makerere. Anatumia ubao mmoja kwa rangi zote. Anachonga kidogo, anachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote za toleo. Anachonga zaidi, anachapa ya pili juu yake. Anaendelea hivyo mpaka rangi ya mwisho, na hapo ubao umeliwa karibu wote. Karatasi iliyoharibika katikati ya safari haina mbadala, kwa sababu ubao wa rangi ya kwanza haupo tena duniani. Kwa hiyo anayeamua kutoa 30 anaanza na zaidi ya 30, akijua nyingine zitaangukia njiani. Hakuna cheti kinachoweza kuishinda hiyo.

Chipukizi, wewe huna ubao, kwa hiyo uaminifu wako uko kwenye maandishi tu, na inabidi yawe makali. Kabla hujauza hata moja, andika: jina la kazi, mwaka, idadi, A/P ngapi, ukubwa wa picha na wa karatasi, aina ya karatasi, aina ya wino, nani kaichapa. Tumia karatasi ya pamba asilimia 100, gramu 300 hivi, na wino wa pigmenti, usiwe ule wa rangi iliyoyeyushwa (dye). Chapa zote kwa pamoja ukiweza. Weka daftari la nani kanunua ipi. Na kama unawaza kuja kuitoa picha hiyo hiyo kwa ukubwa mwingine, sema leo.

Hili la ukubwa si dogo. William Eggleston, mpiga picha wa Marekani, mwaka 2012 aliuza Christie's printi 36 kubwa za dijitali za picha zake za zamani, zikaingiza dola milioni 5.9. Mkusanyaji mmoja, Jonathan Sobel, aliyekuwa na zile za awali ndogo zenye idadi maalumu, akamshtaki kwamba ameshusha thamani yake. Mahakama ya New York ikaitupa kesi 2013 kwa hoja kwamba hizi ni toleo jipya, tofauti kwa ukubwa na mbinu. Kisheria msanii alishinda. Mimi kama mnunuzi, ningependa kujua kabla ya kutoa hela.

Halafu kuna mtindo mpya ambao idadi haipangwi, unapangwa muda. Damien Hirst, msanii wa Uingereza, mwaka 2021 alitoa printi 8 za maua ya cheri, dola 3,000 kila moja, yeyote aliyeagiza ndani ya siku zile 6 alipata. Zikauzwa 7,481. Kila mmoja ana namba na saini, na kila mmoja ana wenzake karibu elfu moja kwa picha ile ile. Sioni ubaya, kila kitu kilikuwa wazi. Lakini ukiitwa ununue moja ya hizo kwa bei ya kitu adimu, kumbuka idadi.

#12 Bwana Tindikali

Ya Mutebi nakubali kwa mikono miwili. Kwa dijitali nabaki na msimamo wangu, ila mwenye daftari nitamheshimu kuliko mwenye bamba na midomo mingi.

#13 Mwana wa Pangani

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Tanga. Marehemu baba alikuwa mtumishi Dar miaka ya 70 na 80 na aliacha printi moja ya mashetani wa kimakonde, nyeusi, karatasi nene. Imeandikwa 17/50 kwa penseli, saini inasomeka, na nyuma kuna maandishi hafifu "Nyumba ya Sanaa". Jina la msanii nitakutumia PM. Mtu kaja kaniambia laki moja. Niuze? Ila iko kwenye fremu ya zamani ya hadibodi na ina madoa.

#14 KaratasiPamba

Marahaba mwanangu. Usiuze bado, na tafadhali usiitoe kwenye fremu kwa nguvu.

Wengine humu huenda hawajui, kwa hiyo niseme. Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, ilianzishwa Dar 1972 na Sista Jean Pruitt. Pale ndipo George Lilanga aliingia akiwa mlinzi, kupitia mjomba wake Augustino Malaba, akaanza kutengeneza batiki, ngozi, na printi za bamba. Lilanga aliyefariki 2005 leo anajulikana dunia nzima kwa michoro ya rangi kali. Michoro ile ya miaka ya mwisho ilitoka kwenye warsha yenye wasaidizi wengi, kwa hiyo kujua mkono wa nani umegusa nini ni kazi. Printi nyeusi za bamba za zamani, za kwake na za wenzake, watu wamezipita. Mimi nazithamini kuliko ile rangi. Mstari wa sindano hauna pa kujificha.

Sasa bei. Utaratibu ninaofuata ni huu. Natafuta mauzo yaliyokwisha kufanyika, siyo bei zinazoombwa. Mtu anaweza kuomba dola 5,000 kwenye tovuti miaka mitatu na asipate mnunuzi. Hiyo si bei. Naangalia matokeo ya minada ya Circle Art Nairobi, iliyoanza 2013, ya Strauss & Co Afrika Kusini, ya Bonhams London. Nataka msanii yule yule, mbinu ile ile, ukubwa unaokaribiana, muongo ule ule. Mchoro wake wa rangi uliouzwa ghali hauniambii chochote kuhusu printi yake. Nahakikisha kama bei iliyotajwa ina kamisheni ndani au ni ya nyundo. Nikipata mauzo matatu yanayofanana nina pa kusimamia. Nikipata moja tu, naliangalia kwa mashaka, maana yawezekana siku ile watu wawili waligombania. Nisipopata hata moja, nashuka kwa wenzake wa karakana ile ile na wa kipindi kile kile, halafu naweka wigo, siweki namba moja.

Baada ya hapo napunguza kwa hali ya karatasi, na hapa ndipo nina wasiwasi na yako. Kuna aina za madoa. Yale madogo ya kahawia kama ya ganda la ndizi mbivu ni unyevu na ukungu. Yakiwa machache pembeni yanavumilika, na mtaalamu anaweza kuyapunguza. Mstari wa kahawia unaozunguka picha ni tindikali ya kadibodi iliyokuwa imeigusa. Karatasi nzima kugeuka njano na mstari kupauka ni jua, na hiyo hairudi. La mwisho na baya kuliko yote ni kama fundi aliibandika kwa gundi juu ya hadibodi. Printi iliyobandikwa nzima inapoteza sehemu kubwa ya bei hata kama mbele inang'aa.

Fanya hivi. Ilaze kifudifudi juu ya shuka safi. Piga picha nyuma ya fremu kabla hujagusa kitu. Ondoa misumari midogo kwa koleo, mmoja mmoja. Ukifika kwenye hadibodi, inua kona moja tu. Kama karatasi inabaki huru, endelea. Kama inavutika, simama hapo hapo, funika, nitafute. Hakuna maji, hakuna pasi, hakuna selotepu. Maandishi ya nyuma usiyafute hata kama yanaonekana uchafu.

Laki moja aliyokwambia yule mtu si bei iliyotokana na hesabu yoyote niliyoitaja.

#15 Mwana wa Pangani

Asante sana. Nimeinua kona. Karatasi iko huru! Imeshikiliwa juu tu na vipande viwili vya karatasi vyenye gundi ya zamani. Pia nimeona lile bonde ulilosema linalozunguka picha, limepita pande zote nne. Madoa yako pembeni, kama sita.

#16 Mama Tausi

Alhamdulillah. Mimi niko Mombasa, unyevu huu unatuua. Zangu nimezifunika kwa plastiki ya lamineti zisiingiwe na ukungu. Nimefanya sawa?

#17 KaratasiPamba

Mama yangu, lamineti inayeyushwa ikashika karatasi, na kuitoa ni vigumu mno. Zile ambazo hujazifanya, ziache hivyo hivyo.

Karatasi inapenda unyevu wa kiasi, kama asilimia 50, na isipande na kushuka. Pwani yetu mara nyingi iko juu ya 75. Kiyoyozi cha kuwasha usiku na kuzima mchana kinaitesa kuliko kuiacha ilivyo. Kinachosaidia ni kuitundika ukuta wa ndani badala ya ule unaopigwa mvua, kuacha nafasi ya kidole kati ya fremu na ukuta hewa ipite, na kuhakikisha kioo hakigusi karatasi. Kioo kikigusa, jasho la asubuhi linashika wino. Kadibodi ya ndani iwe isiyo na tindikali, na karatasi ishikiliwe juu tu kwa vibawa vya karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ili siku ya kuitoa maji kidogo yatoshe. Wadudu wanaokula wanga watakuja, kwa hiyo fungua fremu ukague kabla ya masika. Na kioo cha kuzuia miale ya jua, kama unaweza kugharamia kimoja, kiweke kwenye ile unayoipenda zaidi.

Mwana wa Pangani, umenifurahisha. Aliyeweka ile fremu alijua anachofanya. Bonde pande zote nne maana yake kingo hazijakatwa ndani ya alama ya bamba. Pima bamba kwa milimita, urefu na upana, ndani ya bonde. Kisha pima karatasi yote. Nitumie pamoja na picha ya saini ikiwa imepigwa kwa mwanga wa pembeni.

#18 Mzizima Juu

Narudi tena, hapa mmenibadilisha kidogo. Kama mtu anaanza na hela ya kawaida, aanzie wapi? Na msanii anapata nini tukiuziana sisi kwa sisi?

#19 KaratasiPamba

Kuhusu msanii: Kenya walirekebisha sheria yao ya hakimiliki 2019 wakaingiza haki ya msanii kupata fungu kazi inapouzwa tena. Ulaya ipo siku nyingi. Naiunga mkono moja kwa moja. Aliyeuza printi kwa elfu hamsini akiwa hana kodi ya chumba ana haki ya kuona kitu ikiuzwa mara mia.

Pa kuanzia: nenda studio za watu. Nafasi Art Space pale Mikocheni ipo tangu 2008, mlango uko wazi, zungumza na wasanii uwaulize nani anachapa. Ukifika Johannesburg, Artist Proof Studio iliyoanzishwa 1991 na Kim Berman na Nhlanhla Xaba inafundisha vijana na kuuza kazi zao kwa bei zinazofikika. Moto uliteketeza studio yao 2003 na Xaba akafariki humo, kisha wakaijenga upya. Soma pia habari za Rorke's Drift, kituo cha Walutheri kule KwaZulu-Natal kilichoanza 1962, alikosoma John Muafangejo wa Namibia. Lino zake nyeusi na nyeupe zenye maandishi ndani ya picha ndizo zilizonifanya nianze kukusanya. Alifariki 1987 akiwa na miaka 44 tu.

Ukinunua, omba risiti yenye jina la kazi, namba, mbinu na tarehe, na uitunze mbali na printi. Mwombe msanii akuambie toleo zima lina ngapi pamoja na A/P, aliandike kwa mkono wake. Mwenye nia njema hakatai.

#20 Mwana wa Pangani

Bamba: 248 kwa 196. Karatasi: 395 kwa 300. Picha ya saini nimetuma PM. Kaka yangu anasema shangazi yetu Muheza ana nyingine ya 17/50, picha tofauti, baba aliwanunulia siku moja.

#21 KaratasiPamba

Nimeipokea. Saini nailinganisha na ninazozifahamu, nipe siku kadhaa. Mwombe shangazi asiifungue, apige picha mbele na nyuma tu. Namba ile ile kwenye picha mbili tofauti inaweza kuwa na maana kwamba ziliuzwa kama seti, na kama ni seti hatuzitenganishi.

Na ombi kwa wote wenye printi za Nyumba ya Sanaa, popote mlipo: katalogi ya kazi hizi sijapata kuiona, na tunaweza kuianza hapa hapa. Wekeni jina la msanii, jina la kazi kama limeandikwa, mwaka, bamba kwa milimita, karatasi kwa milimita, namba ya toleo, maandishi ya nyuma. Msiandike anwani wala mahali mlipoitundika. Nitazikusanya kwenye jedwali moja na kulibandika ukurasa wa kwanza wa uzi huu. Nitaanza na nne nilizonazo mimi kesho jioni, nikishazipima upya mchana kukiwa na mwanga.